Shoo ya bure hailipi mkopo

Kila nikisema kikundi chetu cha sanaa kinatafuta hela ya kufanya shoo ya bure uwanjani watu wananitumia tangazo la mkopo. Wanatuma kwa nia njema kabisa, na chini wanaandika changamkia fursa kaka, na mi najibu asante nitalifanyia kazi, afu silifanyii kazi. Sa nimechoka kueleza kwenye watsap mmoja mmoja ndo maana naandika hapa mara moja, nikitumiwa tena nitamrushia mtu linki tu yaishe.

Mkopo unarudishwa na hela. Shoo ya bure kwenye uwanja wa wazi haina mlango, haina tiketi, haina meza ya vinywaji, watu wanakuja na watoto wao wanakaa chini kwenye mchanga wanaangalia ngoma na maigizo na sarakasi, jua likizama wanaondoka zao. Sa hapo hela ya kurudisha benki inatoka wapi jamani? Ni kama umkopeshe mtu hela ya kulisha watu msibani halafu umsubirie akuletee na faida. Na ukianza kuweka uzio na kiingilio ili upate marejesho basi umeshaua kile kitu chenyewe, maana yule mama anayeuza mihogo na watoto wake wanne ndo uliyekuwa unamtaka na yeye ndo wa kwanza kubaki nje.

Kwa wasiojua huku kwetu Dar, hatuna zile plaza za miji ya watu zenye mawe yamepangwa na chemchemi katikati. Tuna viwanja. Mnazi Mmoja pale mjini, Biafra Kinondoni, Mwembe Yanga Temeke, Zakhem Mbagala, Tanganyika Packers Kawe, na vile viwanja vidogo vya mitaani visivyo na jina kwenye ramani ambavyo asubuhi ni njia ya shule, mchana gereji, jioni mpira. Hivo ndo plaza zetu. Na havikai kimya hata kidogo. Leo kuna mkutano wa chama, kesho mahubiri ya wiki nzima yenye spika zimepangwa mpaka juu, keshokutwa gari la kampuni ya simu linagawa tisheti na wacheza shoo wake juu. Wote hao wana mtu anayewalipia: chama kina wanachama na ruzuku, muhubiri ana sadaka, kampuni ina bajeti ya matangazo. Asiye na mlipaji ni kikundi cha mtaa huohuo, wale wazee wa mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo, na vijana wa maigizo wanaofanya mazoezi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa kila jumamosi.

Na neno bure linawadanganya watu wengi sana. Wanaona hamna tiketi wanadhani hamna gharama. Ukitaka mchana mmoja wa sanaa kwenye uwanja, anza kuhesabu: spika na amplifaya na maiki za kukodi, na yule fundi mitambo anakuja na msaidizi wake na wote wanakula. Jenereta, kwa sababu umeme wa kuvuta kutoka kwenye duka la jirani utakatika katikati ya igizo, na mafuta ya jenereta. Turubai, maana jua la Dar halina adabu. Viti vya wazee. Maji ya kunywa, yale makatoni. Usafiri wa ngoma zenyewe, ngoma kubwa hazipandi daladala, lazima kirikuu au bajaji mbili. Huduma ya kwanza. Choo! Choo mtu hakifikirii mpaka saa tisa mchana, na hapo unaenda kumwomba mwenye nyumba wa jirani na unamwachia chochote kitu. Halafu ulinzi shirikishi, halafu watu wa kufagia uwanja baada ya shughuli maana msipofagia mara inayofuata hampewi. Na mwisho kabisa wa hiyo karatasi, pale ambapo hela imeshaisha, ndo kuna mstari wa posho ya wasanii. Kila mara. Fundi mitambo analipwa, mwenye turubai analipwa, dereva analipwa hata kabla hajawasha gari, anayeambiwa "tutaangalia mwishoni" ni mpiga ngoma ambaye bila yeye turubai lilikuwa kivuli tu cha mbuzi.

Vibali sitaki kuviongelea sana, kila aliyewahi kuandaa kitu anavijua: mtendaji wa mtaa, kata, afisa utamaduni wa manispaa, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ambao wapo kwa sheria ya mwaka 1984, polisi kwa ajili ya mkusanyiko, na siku hizi kelele nazo zina wenyewe. Barua, nakala, kontroo namba ya malipo, lipa, rudi na risiti. Sisemi visiwepo, mkusanyiko wa watu lazima ujulikane. Ninachosema ni kwamba kwenye huo mlolongo wote hela inatembea upande mmoja tu, kutoka kwa kikundi kwenda ofisini. Sijawahi kukutana na dirisha ambalo kikundi kinapeleka barua na hela inarudi upande wa kikundi bila kudaiwa.

Sasa watu wanasema ah serikali kulipia watu wacheze ngoma ni mambo ya wazungu. Hapo ndo huwa nacheka kwa sababu hii nchi ilishafanya hivo, tena kwa miaka mingi, tena kwa ukubwa ambao hao wazungu wenyewe wangetushangaa. Desemba 1962 Nyerere anaunda wizara ya utamaduni, akisema wazi kabisa kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 ikawa ni Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hiyo TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ya leo, na tamasha la Bagamoyo likaanza mwaka mmoja baadae. Na bendi je? NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndo hiyohiyo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo unaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kikawa na Urafiki Jazz. Kiwanda cha khanga na vitenge kina bendi! Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Mlimani Park walianza 1978, na mwaka 1983 wakachukuliwa na DDC, yaani shirika la maendeleo la jiji lenyewe, ndo maana mpaka leo wazee wanasema DDC Mlimani Park. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na bendi yake, na ukumbi wake wa Kariakoo na wa Magomeni Kondoa, na mpiga solo alikuwa ana mwajiri.

Kwenye mpango ule vyombo vilikuwa mali ya shirika na mwanamuziki alikuwa analipwa mshahara kila mwezi. Ulikuwa na ubaya wake sana, mwanamuziki akiondoka anaondoka mikono mitupu, gita linabaki la mwajiri, na nyimbo za kusifu chama ulikuwa unaimba upende usipende. Simtamanii mtu yeyote arudi kule. Lakini mtu asiniambie kwamba wazo la umma kulipia sanaa ni geni hapa. Lilikufa kwa sababu mashirika yenyewe yalikufa, miaka ile ya themanini katikati uchumi ulipobana viwanda vikawa havina hata hela ya vipuri, nani atakumbuka nyuzi za gita. Baada ya hapo bendi zikajitegemea kwa kiingilio cha baa, na kile ambacho hakiwezi kuuza bia, yaani ngoma za wazee na maigizo na vitu vya watoto, kikabaki kinaelea.

Afu ukaja Mfuko wa Utamaduni mwishoni mwa miaka ya tisini, huo ulikuwa unatoa ruzuku, kwa kutegemea sana wafadhili wa nje, wafadhili walipoondoka ukalala. Umefufuliwa miaka hii ya karibuni kwa jina la Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na safari hii umekuja kama mfuko wa mikopo kupitia benki. Sina ugomvi nao kabisa. Mtu anataka kununua kamera ya milioni kadhaa apige video za harusi, mwingine anataka kujenga studio, mwenye duka la nguo za kitenge anataka cherehani, mkopo wenye riba nafuu ni kitu kizuri sana na nawapongeza waliopata. Wale wana biashara. Ninachokataa ni kuliita hilo jibu la kila kitu kinachoitwa sanaa. Kuna sanaa ambayo ni biashara na kuna sanaa ambayo ni kama taa ya barabarani (haya taa ya barabarani nani aliwahi kuikopea benki ili ilipe marejesho kwa wapita njia).

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo ni hivohivo, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, nzuri, lakini ni mkopo. Nakifahamu kikundi kimoja cha ngoma ambacho kwenye fomu kilijiandika kinatengeneza sabuni za maji. Na wakapata, na ikabidi kweli watengeneze sabuni, na sabuni zikawashinda, sasa wanachangishana kulipa deni la sabuni kwa hela za kucheza kwenye harusi. Niliposikia nilicheka kwanza.

Wacha niwape mfano wa kwingine maana dada yangu mmoja yuko Queens, New York, na yeye ndo alinifungua macho. Mwaka 2021, corona ilipoanza kuwaachia, jiji lile lilikuwa limejaa wasanii wasio na kazi, kumbi zimefungwa mwaka mzima. Jiji likatoa kitu kinaitwa City Artist Corps Grants: dola 5,000 kwa msanii mmoja, wakapewa wasanii zaidi ya 3,000, hesabu mwenyewe hapo ni zaidi ya dola milioni 15. Haikuwa mkopo. Na sharti lake lilikuwa jepesi mpaka unajiuliza kama umesoma vizuri, ufanye japo shughuli moja ya sanaa ambayo watu wa jiji wanaweza kuiona, kati ya Julai na Oktoba mwaka huo. Basi. Mtu akapiga fidla kwenye bustani, mwingine akafundisha watoto kuchora barabarani, wengine wakacheza kwenye plaza. Dada anasema ile miezi ukitoka kwenye treni hujui utakutana na nini.

Na plaza zao nyingi wala sio za zamani kama unavyofikiria. Tangu mwaka 2008 idara yao ya usafiri ilianza kuchukua vipande vya barabara inavifunga magari, inaweka viti na miti, inawaachia watu. Times Square yenyewe walifunga magari pale kwenye Broadway mwaka 2009. Karibu na kwa dada kuna moja inaitwa Diversity Plaza, Jackson Heights, ilikuwa barabara fupi ya magari, 2012 wakaifunga, sasa unakuta Wabengali na Wanepali na Walatino wote hapo, leo mashairi kesho ngoma za Himalaya. Vibali vipo, kibali cha shughuli cha jiji kipo, na cha spika unakifuata kituo cha polisi unalipa dola 45. Kwahiyo urasimu hata kule upo, dada analalamika kama mimi tu. Tofauti ni kwamba kwenye kila wilaya ya jiji, kila borough, kuna baraza la sanaa au taasisi inayopokea hela kutoka idara ya utamaduni ya jiji na kuzigawa vipandevipande kwa wasanii na vikundi vidogo, hela ya dola elfu chache, kwa masharti kwamba wananchi waione kazi. Wale hawaendi kushindana na majumba makubwa ya opera, wana foleni yao.

Hilo la foleni ndo linanikaa kichwani kuliko hizo dola. Najua New York sio Dar, jiji lile ni tajiri na bajeti yake ni kubwa kuliko ya nchi nyingi, sitaki mtu aje kuniambia hilo kama vile amegundua yeye. Ninaangalia mpangilio. Hela kubwa ina mlango wake na hela ndogo ina mlango wake, na mwenye shida ya hela ndogo hajazishwi fomu ya hela kubwa.

Kwetu kinachopendwa ni zege. Nenda Mombasa kaangalie ile bustani ya baharini ya Mama Ngina, ilikarabatiwa na serikali ya Kenya ikafunguliwa Oktoba 2019, shilingi za Kenya milioni 460, pamependeza kweli, kuna mpaka sehemu ya jukwaa na viti vya kukaa kuangalia bahari. Bustani ya Forodhani Zanzibar ilitengenezwa na watu wa Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, nayo imependeza. Kila mtu anapenda kukata utepe. Sa ukishakata utepe, jumanne ya kawaida mwezi wa tano, nani anapiga beni pale Forodhani na nani anamlipa? Kwenye bajeti ya ujenzi kuna mstari wa taa, wa mabenchi, wa mapipa ya taka, mpaka wa mlinzi. Mstari wa watu wa kupafanya pawe hai sijawahi kuuona. Kumbe asilimia moja tu ya hiyo hela ya zege ingetosha kulipa vikundi kila wikiendi kwa muda mrefu sana, na wafanyabiashara wa urojo na mishkaki wangekuwa wa kwanza kushukuru.

Na hata walio wakubwa hawajasalimika. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza 2004, linalojaza hoteli za Mji Mkongwe kila Februari, mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa hela. Tamasha ambalo wenye mahoteli na mateksi wote wanakula kupitia hilo! Walirudi 2017, lakini kama wao walikwama, kikundi cha Mbagala kina ubavu gani. Sisi wengine tukikwama hamna anayeandika gazetini.

Kuna hoja moja naiheshimu, alinipa kijana mmoja dijei. Akasema kaka, singeli, huu muziki wa kasi wa uswahilini, nani aliipa ruzuku? Imetoka Manzese na Tandale na Temeke kwenye vigodoro, yale madisko ya mtaani ya usiku, spika mbovumbovu, leo inachezwa Ulaya. Kweli kabisa. Lakini twende taratibu, nani alilipa vile vigodoro? Walilipa kina mama wa mtaa kwa michango, mtu anamwoza mwanae, vikoba vinachanga, turubai linafungwa barabarani, na dijei anatunzwa noti moja moja. Yaani kulikuwa na mfuko, mfuko wa kanga za kina mama. Na ule mfuko una chaguo lake, unalipia kile kinachorusha watu saa sita usiku na ndo haki yake, hela ni yao. Haulipii maigizo ya kuwafundisha watoto wa darasa la tano, haulipii mzee wa miaka sabini anayejua kutengeneza ngoma za Kizaramo na hana wa kumrithisha, haulipii wasichana wanaofanya sarakasi. Ukisema soko liamue, sawa, kwenye mtaa wangu soko lilishaamua, na jibu lake ni usiku na ni la watu wazima.

Wafadhili wa nje nao, haya. Bila vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani pale Upanga na bila balozi kadhaa za nchi za baridi wengi wetu tusingekuwepo, hilo nalisema bila aibu. Ila kuna siku unachoka kuandika andiko la kiingereza la kurasa nyingi kueleza kwa mtu asiyewahi kufika Mbagala kwanini watoto wa Mbagala wacheke. Na mada inabadilika kila mwaka. Mwaka huu ni tabianchi, basi mdundiko unakuwa wa tabianchi, mwaka ujao ni jinsia, mwaka mwingine ni uchumi wa buluu, na wazee wanakuuliza kijana sasa hii ngoma ni ya samaki? Ofisi moja, siitaji, ilitaka nembo yao iwe kubwa kuliko jina la kikundi kwenye bango, na sisi tukakubali maana bila wao hamna jenereta. Hela ya umma ingekuwa na masharti yake pia najua, viongozi wangetaka meza kuu na hotuba, lakini angalau diwani akitaka hotuba ya dakika arobaini tunaweza kumwambia kwa kiswahili kwamba watu wamekuja kuangalia sarakasi mheshimiwa.

Hofu yangu kubwa wala haiko kwenye kukosa hela, iko kwenye makaratasi ya hiyo hela ikija. Ruzuku ndogo ikiletwa na masharti ya ruzuku kubwa itaishia kwa wajanja wa kuandika. Mpiga ngoma wetu mkubwa hana TIN, ile namba ya mlipakodi, ana kitambulisho cha mpiga kura na simu ya tochi. Mama wa maandazi anayelisha kikundi hana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na wala usimwambie. Wenye mashine ni wenye kumbi kubwa na makampuni ya matangazo, kwahiyo ukisema kila senti iwe na risiti ya EFD umeshaamua hela iende wapi kabla mtu hajaomba. Halafu kuna ule mtindo wa tumia kwanza tutakurudishia. Nani atumie kwanza? Ningekuwa na hela ya kutumia kwanza ningekuwa nakuomba nini?

Kwahiyo mi nikiulizwa nasema hivi: fomu iwe ukurasa mmoja, kwa kiswahili, na mtu asiyejua kuandika vizuri aruhusiwe kwenda kuongea na afisa utamaduni akaandikiwa. Hela ije kabla, hata kama ni nusu. Kiwango kiwe kidogo cha kutosha kiasi kwamba mwizi asione faida ya kuhangaika, cha kulipia spika na turubai na posho za watu, na posho za wasanii ziandikwe juu kabisa, kabla ya turubai. Sharti liwe kama lile la New York, mfanye mbele ya watu, kwenye eneo la wazi, bila kiingilio. Ripoti iwe picha, majina na sahihi za waliolipwa, na mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwamba kweli ilifanyika, maana yeye lazima atakuwepo, kelele zilimfikia nyumbani. Na orodha ya waliopewa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, ili nikiona kikundi hewa nijue wa kumuuliza.

Hela itoke wapi? Vyanzo vipo. Kuna tozo ya hakimiliki, ile asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhi kazi za sanaa, na sehemu yake inakwenda kwenye huo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, kwahiyo Mfuko ungeweza kuweka dirisha dogo la ruzuku pembeni ya lile la mikopo bila kulifunga lile la mikopo. Halmashauri zinakusanya ada za mabango, kila kona ya jiji hili kuna sura ya mtu anatabasamu na simu, na hilo bango linatumia macho ya watu walewale wa mtaani. Kidogo cha hapo kikirudi uwanjani sidhani kama kuna barabara itakosa lami.

Mwaka wa bajeti unaanza Julai lakini ukisubiri Julai umeshachelewa, mambo yanapikwa mapema, mtaa unatoa vipaumbele vyake, vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ndo vinakwenda halmashauri. Mikutano ile ya mtaa watu hawaendi, mimi mwenyewe nilikuwa naona ni ya wazee wa kugombania mitaro. Sasa naenda. Mara ya mwisho niliposimama kusema sanaa uwanjani mzee mmoja akaniuliza kwani hiyo itazoa taka? Nikamwambia haizoi, ila tukifanya shughuli sisi ndo huwa tunafagia ule uwanja, akanyamaza kidogo akasema basi andika. Diwani amesema nilete karatasi moja tu yenye namba, nisimletee kitabu, kwahiyo kama kuna mtu ana bajeti halisi ya shughuli ya mchana mmoja ya kikundi chake, Tanga, Mwanza, Mtwara, popote, anitumie nilinganishe bei za spika na turubai, maana hizi za Dar najua watasema nimeziongeza.